William Willett, mjenzi aliyetaka saa zisogezwe

Mechi za Jumamosi za Uingereza ambazo wakati wa baridi huanza saa kumi na mbili jioni kwa saa zetu za Afrika Mashariki, mwishoni mwa Machi huhamia saa kumi na moja. Saa zetu hazijabadilika. Za Waingereza ndizo zimesogezwa. Aliyelipigania jambo hilo huko kwao kuliko wengine alikuwa mjenzi wa nyumba, William Willett.

Alizaliwa mwaka 1856 huko Farnham, akafanya ujenzi pamoja na baba yake. Alipenda kupanda farasi alfajiri. Kule, Juni jua lilikuwa likichomoza kabla ya saa kumi alfajiri, naye akiangalia nyumba za watu aliona madirisha yamefungwa, wenyewe wamelala, mwanga unapotea bure. Mwaka 1907 alichapisha kijitabu kwa fedha zake. Alitaka saa zisogezwe mbele dakika 20 kila Jumapili, mara nne mwezi Aprili, kisha zirudishwe hivyo hivyo Septemba. Mara nane kwa mwaka! Mswada ulifika bungeni mwaka 1908, ukakwama, ukarudishwa tena na tena. Wakulima waliupinga, na sisi tunawaelewa: ng'ombe hakamuliwi kwa saa ya ukutani.

Willett alifariki Machi 1915 bila kuona Uingereza ikisogeza saa. Mwaka uliofuata vita vilifanya alichoshindwa yeye. Ujerumani ilisogeza saa Aprili ili kuokoa makaa ya mawe, Uingereza ikafuata Mei, kwa saa nzima.

Kompyuta zilikuwa bado hazipo, na ndizo zinazosumbuka leo. Usiku wa Machi, saa za Uingereza zikifika saa saba huruka hadi saa nane; saa saba na nusu haipo kabisa. Oktoba hupita mara mbili. Programu iliyoagizwa kufanya kazi muda huo yaweza kuiruka kazi, au kuirudia. Mifumo yenyewe haikubaliani: katika saa ya ndani ya mashine, Windows kwa kawaida huweka muda wa mahali ilipo, Linux huweka muda wa dunia usiosogezwa. Mashine yenye yote miwili yaweza kukupa saa mbili tofauti. Novemba 2010, saa zilipokuwa zimerudishwa nyuma Ulaya, alamu za kila siku kwenye simu za iPhone zililia zikiwa zimechelewa saa nzima, na watu wakachelewa kazini.

Willett amejengewa ukumbusho Petts Wood, kwenye viunga vya London. Ni saa ya jua iliyopangwa kwa saa za kiangazi, hivyo wakati wa baridi huwa mbele kwa saa moja.