Jacquard, mfumaji aliyegeuza mchoro kuwa amri za mashine

MFANYABIASHARA wa vitambaa akipindua jora la pazia au shuka zito lenye maua yaliyofumwa ndani kwa ndani, si kuchapwa juu, mara nyingi hukuta kwenye lebo neno jacquard. Wengi hudhani ni jina la kiwanda au la aina ya uzi. Ni jina la mtu. Joseph Marie Jacquard alizaliwa Lyon, Ufaransa, Julai 7, 1752, akafa Agosti 7, 1834, akiwa amebadili biashara ya hariri Ulaya nzima. Aliacha pia njia ambayo mafundi wa vyuma na wa umeme wanaifuata hadi leo: kuchukua mchoro, kuukata vipande vidogo, na kugeuza kila kipande kuwa amri ya mashine.

Jina lenyewe lilikuwa la kupachikwa. Ukoo wao uliitwa Charles, na kwa kuwa akina Charles walikuwa wengi mno, tawi moja likabandikwa jina Jacquard ili watu wasichanganywe. Baba yake, Jean, alikuwa mfumaji mwenye karakana na mitambo yake. Watoto walizaliwa tisa, lakini waliofika utu uzima ni wawili tu, Joseph na dada yake Clémence. Shule Joseph hakuiona. Hadi miaka 13 hakujua kusoma, ndipo shemeji yake, Barret, aliyekuwa na biashara ya kuchapa na kuuza vitabu, akamfundisha.

Baba alipofariki mwaka 1772, kijana alirithi nyumba, mitambo ya kufumia, shamba la mizabibu na machimbo ya mawe. Mwaka 1778 akamwoa Claudine Boichon, mjane mwenye mali. Kwa hesabu ya kawaida huyo alikuwa mtu wa kutajirika. Badala yake akaingia kwenye kununua na kuuza majengo, madeni yakamlemea, akafikishwa mahakamani, na ni shemeji yuleyule aliyesimamia mali iuzwe ili wadai walipwe. Kwa lugha ya sokoni, alikula mtaji, na wa mkewe ukaenda humohumo.

Kisha yakaja mapinduzi ya Ufaransa. Mwaka 1793 Lyon iliasi, ikazingirwa na kuangushwa. Jacquard aliukimbia mji pamoja na mwanawe wa pekee, Jean Marie, kijana wa miaka 14, wakajiunga na jeshi la mapinduzi na kupigana upande wa mto Rhine. Mtoto aliuawa huko Ujerumani. Baba alirudi Lyon peke yake, akiwa na zaidi ya miaka 40, hana mali wala mrithi. Kazi iliyomfanya ajulikane aliianza baada ya hapo.

Ili kuielewa kazi hiyo, lazima kwanza kuona jinsi ua lilivyokuwa likiingia kwenye hariri. Kitambaa kina nyuzi za mtande, zinazonyooshwa kwa urefu, na uzi wa mshindio unaopita kati yake kwa upana. Kitambaa cha kawaida ni rahisi: nyuzi hizi juu, zile chini, kisha kinyume chake. Lakini ukitaka ua, ndege au taji, katika kila mstari wa mshindio unabadilisha ni nyuzi zipi za mtande zinyanyuliwe. Kazi hiyo ilifanywa na msaidizi, mara nyingi mtoto, aliyesimama kando ya mtambo akivuta mafungu ya kamba kwa mpangilio maalumu, siku nzima. Inasimuliwa kwamba Jacquard mwenyewe aliifanya utotoni. Akikosea kamba moja, ua linapata kovu.

Jacquard hakuwa wa kwanza kutafuta dawa. Hapohapo Lyon, mwaka 1725 Basile Bouchon alitumia karatasi ndefu yenye matundu kuchagua nyuzi, na mwaka 1728 Falcon akaikata karatasi hiyo kuwa kadi zilizoshonwa pamoja. Mwaka 1745 Vaucanson, fundi maarufu wa sanamu zinazojiendesha, akatengeneza mtambo wa kufuma bila mvuta kamba, lakini haukuingia sokoni. Ulihifadhiwa Paris ukikusanya vumbi.

Mwaka 1801 Jacquard alipeleka mtambo wake wa kwanza kwenye maonyesho ya Paris, akapata medali ya shaba. Akatengeneza pia mashine ya kufuma nyavu za kuvulia samaki, nayo ikamfungulia mlango: aliitwa Paris kufanya kazi kwenye hifadhi ya taifa ya mashine. Huko akakutana na mtambo wa Vaucanson. Kufikia mwaka 1804 alikuwa amechanganya kadi za Falcon na utaratibu wa Vaucanson, akaongeza ya kwake, na mashine ikafanya kazi.

Ndani yake kila uzi wa mtande, au fungu la nyuzi, umefungwa kwenye ndoano, na kila ndoano inaongozwa na sindano. Kadi inapogusa sindano, penye tundu sindano inapenya na ndoano inabaki mahali pake, ikanyanyuliwa na uzi wake. Pasipo na tundu sindano inasukumwa, ndoano inakwepa, na uzi unabaki chini. Kadi moja ni mstari mmoja wa mshindio. Mfumaji akikanyaga kibao, kadi inayofuata inaingia. Mvuta kamba hana kazi tena.

Ugumu sasa ulihamia kwenye kuandaa kadi. Mchoraji aliuchora upya mchoro wake kwa ukubwa kwenye karatasi ya miraba midogo, akipaka rangi mraba mmoja mmoja. Kila safu ya miraba ni mshindio mmoja. Msomaji wa mchoro alipita safu kwa safu, kuanzia chini kwenda juu, na kila mraba ukawa tundu au ukaachwa. Hapakuwa na nafasi ya kukisia: mraba ni ndiyo au hapana. Kosa la tundu moja halikuharibu ua moja tu, lilirudi kila ua lilipojirudia, hadi mwisho wa jora.

Utaratibu huo ndio uliokuja kuziongoza mashine za kuchonga. Mwaka 1952 chuo cha MIT, Marekani, kilionyesha mashine ya kuchonga chuma iliyoongozwa na utepe wa karatasi wenye matundu. Leo fundi wa umeme mwenye bodi iliyoungua ambayo haipatikani tena dukani anafuata hatua zilezile. Anapiga skani ya mchoro wa njia za shaba na kuusafisha ubaki mweusi na mweupe, kila nukta ikiwa ndiyo au hapana kama mraba wa Lyon. Programu inafuata kingo za kila njia na kuziandika kama orodha ya namba: nenda hapa, shusha ncha, kata hadi pale, nyanyua. Mashine inachonga mwanya kuzunguka kila njia kwenye kibao kilichopakwa shaba, na njia zinabaki zimetengana.

Makosa nayo ni ya jamii ileile. Ncha ikipita juu ya ukingo wenyewe, nusu ya unene wake inakula njia ya shaba, kwa hiyo programu lazima iisogeze pembeni kwa kiasi hicho. Kipimo cha skani nacho ni mtego. Sakiti nyingi za zamani zina miguu iliyopishana kwa milimita 2.54. Mchoro ukivimba kwa asilimia 2 tu, mguu wa 20 katika safu utakosa tundu lake kwa karibu milimita 1, na bodi nzima ni ya kutupa. Jicho halitaona hitilafu hiyo kwenye karatasi. Rula ndiyo itakayoiona.

Kwa Jacquard, mashine kufanya kazi haikuwa mwisho wa safari. Aprili 1805 Napoleon, akiwa njiani kwenda Italia, alipita Lyon na kuuona mtambo. Haki ya uvumbuzi ikapewa mji wa Lyon, na Jacquard akapewa pensheni ya faranga 3,000 kwa mwaka maisha yake yote, pamoja na faranga 50 kwa kila mtambo utakaouzwa katika miaka michache iliyofuata. Kwa mtu aliyewahi kuuziwa mali mahakamani, ilikuwa afueni. Wafumaji waliona mambo kwa jicho jingine. Walimwona mtu aliyeuza riziki ya wasaidizi wao, na inasimuliwa kwamba mtambo wake ulivunjwa hadharani. Mashine zenyewe za mwanzo zilisumbua, kadi zikikwama, hadi fundi mwingine, Jean Antoine Breton, aliporekebisha utaratibu wake karibu mwaka 1815. Jina la Breton halipo kwenye lebo yoyote.

Mpaka haukuizuia. Tangu 1766 Uingereza ilikuwa imepiga marufuku hariri ya nje, na magendo yakastawi kwenye mlango bahari kati yake na Ufaransa. Marufuku hiyo ilipoondolewa mwaka 1826 na kuwekwa ushuru wa asilimia 30, wafumaji wa Uingereza walikuwa tayari na mitambo ya Jacquard, kwa kuwa mashine ilivuka mpaka kabla ya kitambaa kuruhusiwa.

Lyon nayo ilijengwa upya kuufuata mtambo. Ulikuwa mrefu, hivyo nyumba za mtaa wa Croix-Rousse zilijengwa kwa dari za takriban mita 4, na bado zipo. Ndani yake mfumaji alikuwa na mtambo na mikono, ila hariri na mchoro vililetwa na mfanyabiashara, ambaye ndiye aliyepanga bei. Novemba 1831 wafumaji walidai bei ya chini isiyovunjwa, wakakataliwa, wakauteka mji kwa siku kadhaa. Aprili 1834 waliasi tena, na jeshi likawazima kwa damu nyingi. Jacquard, aliyekuwa mzee wa miaka 81 akiishi kimya Oullins, nje kidogo ya mji, alikufa miezi minne baadaye.

Picha yake ilikuwa imechorwa kwa rangi na Claude Bonnefond: mzee ameketi akiwa na bikari mkononi, vipande vya kadi na mfano mdogo wa mtambo kando yake. Mwaka 1839 kiwanda kimoja cha Lyon kiliichukua picha hiyo, kikaihamishia kwenye karatasi ya miraba, kikatoboa kadi 24,000 na kuifuma kwa hariri nyeusi na nyeupe. Ilitoka laini kiasi kwamba walioiona walidhani imechapwa kwenye karatasi. Nakala moja ilinunuliwa na Charles Babbage wa Uingereza, aliyekuwa akisanifu mashine ya kukokotoa itakayosoma kadi zenye matundu, na aliitundika nyumbani kwake ili wageni waikisie.