George Washington Carver na Banda la Kuku

Wengi wetu tumesikia habari za George Washington Carver kwa ajili ya karanga. Wachache wanajua ya kuwa katika Chuo cha Tuskegee, alikotumika kwa miaka 47, nusura aache kazi kwa ajili ya kuku.

Alizaliwa utumwani huko Missouri, Marekani, yapata mwaka 1864. Angali mchanga aliibwa na wanyang'anyi pamoja na mama yake. Mtoto alirudishwa, mama hakuonekana tena. Moses Carver na mkewe Susan walimlea, na Susan akamfundisha kusoma. Mwaka 1885 chuo kimoja cha Kansas kilimkubali kwa barua, kisha kikamkataa kilipoona ni mtu mweusi. Hakukata tamaa. Alisoma Iowa, akijipatia riziki kwa kuwafulia wenzake nguo, na mwaka 1896 akapata shahada yake ya pili katika kilimo.

Mwaka huohuo Booker T. Washington, mkuu wa Tuskegee, chuo cha watu weusi katika jimbo la Alabama, alimwita akafundishe. Carver hakukuta maabara. Alikwenda jalalani na wanafunzi, wakaokota chupa na vyombo vilivyotupwa, wakavitumia kwa majaribio. Alipewa shamba la ekari 10 lenye udongo uliochoka kwa pamba. Aliurudishia rutuba kwa majani yaliyooza na tope la kinamasi, na kwa kupanda kunde.

Lakini maisha ya chuo yalikuwa na mengine pia. Walimu walinung'unika kwa kuwa alipewa vyumba viwili, hali wao wasio na wake waliishi wawili wawili chumbani. Mkuu alikuwa mtu wa utaratibu, apendaye hesabu na taarifa. Carver alipenda kuamka alfajiri kwenda kuokota mimea porini. Hata hivyo alibebeshwa pia usimamizi wa banda la kuku. Kuku hawakustawi, na mwaka 1904 kamati iliona ya kuwa taarifa zake hazilingani na hali ya banda. Kudhaniwa kuwa mwongo kulimchoma moyo, akaandika barua ya kutaka kujiuzulu. Hakuondoka, lakini ugomvi ulirudi mara kwa mara. Mwaka 1910 banda lilipolaumiwa tena, alipewa idara ya utafiti.

Katika miaka hiyohiyo ya lawama, karama yake ilizaa matunda. Mwaka 1906 chuo kilianza kupeleka gari la kukokotwa na nyumbu vijijini, likiwafundisha wakulima maskini mashambani mwao. Alianza pia darasa la Biblia kila Jumapili jioni, na vijana walikuja kwa hiari yao. Mdudu alaye vitumba vya pamba alipoingia Alabama, Carver aliwahimiza watu kupanda karanga na viazi vitamu. Mwaka 1916 alitoa kijitabu cha kulima karanga na njia 105 za kuziandaa. Siagi ya karanga hakuivumbua yeye, ingawa watu husema hivyo.

Washington alifariki mwaka 1915, na Carver alimlilia sana, licha ya yote yaliyopita kati yao. Yeye mwenyewe alifariki tarehe 5 Januari 1943, akiwa ameiacha akiba yake kwa kazi ya utafiti chuoni. Alizikwa karibu na mkuu wake.

Wapendwa, hata katika halmashauri zetu wamo watu tuliowapa funguo za banda la kuku, kisha tukawalaumu. Mmoja hajui hesabu, lakini watoto wa shule ya Jumapili humkimbilia. Tusimwache aondoke kwa uchungu. Tumtafutie kazi inayolingana na karama yake. Naye aliyelaumiwa asiache shamba la Bwana kwa sababu ya kuku.