Louis Pasteur: mkemia aliyeshindana na muda wa kichaa cha mbwa

Msikilizaji wetu, kila tunapogusia habari za mbwa kwenye kipindi cha afya, ujumbe mwingi unaoingia huuliza jambo moja: mtu akishang'atwa, chanjo ni ya nini tena, na kwa nini awahi? Jibu lilianzia Ufaransa, zaidi ya miaka 130 iliyopita. Aliyelitafuta alikuwa mtoto wa mtengeneza ngozi, na hakuwa hata daktari wa watu.

Mtoto wa Arbois

Louis Pasteur alizaliwa Desemba 27, 1822 katika mji wa Dole, mashariki mwa Ufaransa, akakulia katika mji mdogo wa Arbois. Mwaka 1831, akiwa na miaka minane, mbwa mwitu mwenye kichaa aliingia maeneo yale akang'ata watu. Tiba ya wakati huo ilikuwa moto. Majeruhi alipelekwa kwa mhunzi, na kidonda kikachomwa kwa chuma chekundu. Louis aliyaona hayo kwa macho yake. Pamoja na maumivu yote yale, watu kadhaa walikufa.

Alisoma kemia mjini Paris, na mwaka 1849 alimwoa Marie Laurent. Walijaliwa watoto watano, lakini watatu, wote mabinti, walifariki wangali wadogo. Wawili kati yao waliuawa na homa ya matumbo. Mwaka 1868, akiwa na miaka 45, alipata kiharusi kilichomdhoofisha upande wa kushoto hadi mwisho wa maisha yake. Hakuacha kazi.

Kuku na kondoo

Kazi yake ilikuwa kuchunguza vijidudu visivyoonekana kwa macho. Alionyesha kwamba ndivyo vinavyochachusha mvinyo na kuharibu maziwa. Njia yake ya kupasha moto kinywaji ili kuviua bado inatumika kwenye viwanda vya maziwa, na imebeba jina lake.

Wakati huo chanjo ilikuwa moja tu, ya ndui. Daktari Mwingereza Edward Jenner alikuwa ameionyesha mwaka 1796, akitumia ugonjwa mwepesi wa ng'ombe kumkinga mtu na ndui. Lakini ndui ilikuwa na ndugu yake mpole kwa ng'ombe. Magonjwa mengine je? Pasteur alijiuliza kama binadamu anaweza kumdhoofisha mdudu wa ugonjwa kwa makusudi, ili mwili uzoee kupigana naye kabla hajaja yule mkali.

Mwaka 1879 alikuwa akichunguza kipindupindu cha kuku. Kuku waliodungwa vijidudu vilivyokaa muda mrefu waliugua kidogo, wakapona. Walipodungwa vijidudu vipya vikali, hawakufa. Njia ikaonekana.

Kisha akaugeukia kimeta, ugonjwa uliokuwa ukimaliza mifugo ya wakulima. Mei 1881, kwenye shamba la Pouilly-le-Fort, alichanja kondoo 24, mbuzi mmoja na ng'ombe kadhaa. Kundi jingine kama hilo liliachwa bila chanjo. Mwisho wa mwezi wote walidungwa vijidudu vikali vya kimeta. Juni 2 watu walikusanyika kuona. Kondoo waliochanjwa walikuwa wamesimama wakila. Wale ambao hawakuchanjwa walikuwa wamekufa au wako mbioni kufa.

Mvulana wa siku mbili

Kichaa cha mbwa kilikuwa kigumu zaidi, kwa sababu kijidudu chake ni kidogo mno na darubini za wakati ule hazikukiona. Lakini Pasteur na wenzake walijua mambo mawili. Ugonjwa hukaa kwenye ubongo na uti wa mgongo, na hauji mara moja. Baada ya kung'atwa, wiki hupita, wakati mwingine miezi, ndipo dalili zianze. Ndani ya muda huo kuna nafasi ya kuuwahi. Wakachukua uti wa mgongo wa sungura waliokufa kwa ugonjwa huo, wakaukausha ndani ya chupa. Kadiri ulivyokauka, ndivyo sumu yake ilivyopungua.

Julai 6, 1885, mama mmoja kutoka Alsace alifika Paris na mwanawe wa miaka tisa, Joseph Meister. Mbwa mwenye kichaa alikuwa amemng'ata sehemu nyingi siku mbili kabla. Pasteur hakuruhusiwa kutibu, na dawa yake haikuwa imewahi kumwokoa mtu. Akashauriana na madaktari, na mmoja wao, Grancher, ndiye aliyeshika sindano. Joseph alidungwa mara 13, kuanzia dozi dhaifu kabisa hadi kali kabisa. Aliishi, na baadaye akawa mlinzi wa taasisi ya Pasteur.

Tuseme ukweli wote. Miaka mingi baadaye, watafiti waliosoma madaftari ya Pasteur walikuta kwamba majaribio yake kwa mbwa hayakuwa yamekamilika kama watu walivyoamini. Alibahatisha maisha ya mtoto, ingawa mtoto huyo alikuwa kwenye hatari ya kifo hata bila sindano.

Binti wa siku 37

Novemba mwaka huohuo aliletwa binti wa miaka 10, Louise Pelletier. Alikuwa ameng'atwa kichwani, na siku 37 zilikuwa zimeshapita. Pasteur alijua kwamba wamechelewa, na kwamba mtoto akifa, wapinzani watailaumu chanjo. Lakini wazazi walikuwa mbele yake, naye alikuwa baba aliyekwishazika mabinti watatu. Akakubali. Dalili zilianza, na Desemba 3 Louise alifariki.

Dawa ilikuwa ileile na mikono ileile. Kilichomtofautisha Louise na Joseph zaidi ya vyote ni muda. Kijidudu cha kichaa husafiri polepole kwenye mishipa ya fahamu kuelekea kwenye ubongo, na kidonda cha kichwani kina safari fupi. Kikishafika, karibu kila mgonjwa hufa, hata leo.

Watu hawakukata tamaa kwa kifo kile. Walizidi kuja, hata kutoka Urusi, na michango ikajenga Taasisi ya Pasteur, iliyofunguliwa Paris Novemba 14, 1888. Pasteur alifariki Septemba 28, 1895, na amezikwa ndani ya taasisi hiyo. Tarehe ya kifo chake ndiyo Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani.

Kwetu leo

Ugonjwa huu bado unakadiriwa kuua watu 59,000 kila mwaka duniani, wengi wao Afrika na Asia, wakiwemo watoto wengi wa vijijini. Karibu wote huupata kwa mbwa. Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, mtu aking'atwa, osha kidonda papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Usipake pilipili, majivu wala mafuta. Kisha mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama kidonda ni mchubuko tu, na amalize dozi zote atakazopangiwa. Usingoje kuona kama mbwa atakufa.

Na gari la mifugo likipita kijijini kuchanja mbwa, mpeleke wako. Asilimia 70 ya mbwa wa eneo wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuenea, na hakuna mama atakayelazimika kukimbizana na siku kama mama yake Joseph.