Carl Peters na Jalada Lililomhukumu

Msafiri apitaye Same leo, akiitazama Milima ya Upare, haoni alama yoyote ya mtu aitwaye Carl Peters. Hata hivyo milima hiyo iliandikwa katika vitabu vya Wajerumani kuwa mali ya kampuni yake mwaka 1885, wakati wenyeji wengi walikuwa bado hawajapata kumwona Mjerumani hata mmoja. Kwa hiyo maisha yake ni sehemu ya historia ya Upare, kama yalivyo sehemu ya historia ya Tanzania Bara yote. Twaona yafaa yajulikane kwa kila mwananchi, na zaidi kwa wale ambao kazi yao ya kila siku ni kuandika katika madaftari ya serikali: makarani, askari magereza, maofisa wa ustawi wa jamii na watendaji wa vijiji.

Peters alizaliwa tarehe 27 Septemba, 1856, katika mji mdogo wa Neuhaus, kando ya mto Elbe, katika ufalme wa Hanover. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kilutheri. Kijana huyu alisoma sana. Alipita katika vyuo vikuu vya Göttingen, Tübingen na Berlin, akapata shahada ya udaktari katika historia. Kisha akaenda London kukaa na mjomba wake, na huko akaona utajiri ambao Waingereza waliupata kutoka nchi za watu wengine. Akaingiwa na wivu, akataka taifa lake nalo liwe na makoloni, na yeye mwenyewe awe mtu mkubwa kwa kuyapata.

Tarehe 28 Machi, 1884, alianzisha Berlin chama cha kutafuta makoloni. Mwaka huo huo, mwanzoni mwa mwezi wa Novemba, alifika Unguja pamoja na wenzake, wakiwamo Karl Jühlke na Joachim von Pfeil, wakisafiri kwa siri. Serikali yao ilikuwa imekwisha kuwaambia kwamba haitawalinda. Wakavuka hadi Saadani, wakaingia bara, na katika muda wa majuma machache wakazunguka Uzigua, Nguru, Usagara na Ukami wakikusanya mikataba. Mkataba ujulikanao kupita yote ni ule wa Mangungu wa Msovero, wa tarehe 29 Novemba, 1884. Karatasi hizo ziliandikwa kwa lugha ambayo watawala wa nchi hawakuijua, nao wakatia alama chini ya maneno wasiyoweza kuyasoma. Kwa maneno hayo walihesabiwa kuwa wametoa ardhi yao na haki zote za kuitawala. Hakuna mtawala wa Kiafrika aliyekuwa na uwezo wa kutoa vitu hivyo peke yake, maana ardhi ilikuwa ya ukoo na ya jamii.

Peters alirudi upesi Ulaya na mzigo wake wa karatasi. Tarehe 27 Februari, 1885, siku moja tu baada ya Mkutano wa Berlin kumalizika, Kaisari Wilhelm wa Kwanza alitia sahihi hati ya kuzilinda nchi hizo. Mwaka huo huo Jühlke alitumwa kupanda bonde la mto Pangani, na madai ya kampuni yakaongezwa Usambara, Upare na Uchaga. Hivyo ndivyo watu wa milimani, waliokuwa wakilima kwa maji ya ndiva zao na kufua chuma huko Ugweno, walivyogeuzwa kuwa raia wa kampuni ya Berlin, nao wasijue.

Kampuni hiyo ilipojaribu kuutawala mwambao mwaka 1888, wananchi waliinuka wakiongozwa na Abushiri bin Salim huko Pangani na Bwana Heri huko Saadani. Kampuni ikashindwa. Ikabidi serikali ya Ujerumani ilete jeshi chini ya Hermann von Wissmann. Abushiri alikamatwa, akanyongwa Pangani tarehe 15 Desemba, 1889. Wakati huo Peters alikuwa mbali. Alikuwa akipanda mto Tana na watu wenye bunduki, eti anakwenda kumwokoa Emin Pasha, ambaye alikuwa amekwisha kuondoka. Kitabu alichokiandika mwenyewe juu ya safari ile chasimulia bila haya jinsi alivyopiga watu risasi na kuchoma vijiji. Mwaka 1890 alifika Buganda, akafanya mkataba na Kabaka Mwanga, lakini tarehe 1 Julai, 1890, Ujerumani na Uingereza ziligawana nchi zenyewe kwa zenyewe, na mkataba wake ukawa bure.

Mwaka 1891 alipewa cheo cha Kamishna wa Kaisari katika nchi ya Kilimanjaro, akaweka kituo Marangu, katika nchi ya Mangi Marealle. Twaomba wasomaji wetu wapafikirie hapo kwa utulivu. Alikuwa mbali na pwani na mbali na wakubwa wake. Katika kituo kile yeye alikuwa mwenye bunduki, tena hakimu, tena bwana gereza, na daftari la kituo lilikuwa mkononi mwake.

Mwezi wa Oktoba 1891 paliibwa vitu kituoni, na miongoni mwa vitu hivyo zilikuwamo sigara. Mtumishi mmoja wa Kiafrika aitwaye Mabruki alishikwa. Ilidhaniwa pia kwamba alikuwa na uhusiano na wasichana wa nchi ambao Peters na wenzake walikuwa wamewaweka kituoni kwa ajili yao wenyewe. Peters akaamuru anyongwe, naye akanyongwa. Baadaye msichana mmoja, ambaye Wajerumani waliliandika jina lake Jagodja, alitoroka. Akarudishwa kwa nguvu, akachapwa viboko, akafungwa minyororo, na mwezi wa Januari 1892 akanyongwa naye. Peters alidai kwamba ni mpelelezi wa adui. Katika miezi hiyo hiyo alikuwa amewasha vita na Warombo. Wananchi wakampa jina la Mkono wa Damu.

Uchunguzi wa kwanza haukumgusa. Alirudi Ujerumani mwaka 1893, akahesabiwa kuwa shujaa. Lakini habari ya kunyongwa kwa watu wale wawili ilikuwa imekwisha kuvuka bahari, kwa kinywa na kwa barua za watu waliokuwa Kilimanjaro. Mwezi wa Machi 1896, August Bebel, fundi wa kukereza mbao aliyekuwa kiongozi wa chama cha wafanyakazi wa Ujerumani, alisimama katika Bunge la Berlin akayataja mambo hayo mbele ya taifa zima. Katika mashtaka yake alitaja barua moja ambayo Peters alisemekana kumwandikia Askofu Tucker wa Uganda akikiri mambo yake, na baadaye ikabainika kwamba barua hiyo haikuwako. Marafiki wa Peters walilishika kosa hilo wakalipigia kelele. Lakini majalada yalipofunguliwa, barua au hapana barua, Mabruki na Jagodja walikuwa wamenyongwa, na sababu ambazo Peters alizitoa kwa wakubwa wake hazikulingana na ukweli.

Mwaka 1897 Peters alifikishwa mbele ya baraza la nidhamu la watumishi wa serikali. Akaonekana na hatia, akafukuzwa kazi. Akakata rufani, na katika mwezi wa Novemba mwaka huo rufani yake ikakataliwa. Ni jambo la nadra katika historia ya ukoloni kwamba mwanzilishi wa koloni alihukumiwa na serikali yake mwenyewe kwa ajili ya Waafrika wawili wasio na cheo.

Pamoja na hayo hatuna budi kutazama hukumu ile ilikuwa ya namna gani. Baraza lile halikuwa mahakama ya jinai. Halikumshtaki mtu kwa uuaji. Lilimshtaki mtumishi kwa kuvunja wajibu wa kazi yake na kwa kuwapa wakubwa wake taarifa zisizo za kweli. Kwa maneno mengine, aliyehesabiwa kukosewa ni serikali. Peters, aliyewafunga wengine minyororo, hakulala gerezani hata usiku mmoja. Alihamia London, akaunda kampuni ya kutafuta dhahabu kusini mwa Afrika, akaendelea kuandika vitabu vya kujisifu.

Na mambo hayakuishia hapo. Mwaka 1905 Kaisari Wilhelm wa Pili alimrudishia ruhusa ya kutumia cheo chake cha zamani. Mwaka 1914 akampa malipo ya uzeeni kutoka katika fungu lililokuwa chini ya amri ya Kaisari mwenyewe. Basi huruma ya taifa ilikuwako, na fedha za kumsaidia mtu zilikuwako, lakini zilimwendea mnyongaji. Jamaa za Mabruki na wazazi wa Jagodja hawakuingizwa katika orodha ya wanaostahili kuhurumiwa. Peters alikufa tarehe 10 Septemba, 1918, huko Woltorf, katika Ujerumani ya kaskazini, wakati koloni lake lilikuwa karibu lote mikononi mwa Waingereza na Wabelgiji. Mwaka 1937 Hitler alitoa amri ya kumsafisha, kana kwamba hukumu ya mwaka 1897 haikupata kuwako, na mwaka 1941 wafuasi wa Hitler wakatengeneza sinema ya kumtukuza. Haikuwa ajabu, maana waliokuwa wakijenga makambi ya kuua watu walimtambua mwenzao.

Lakini Hitler, pamoja na nguvu zake zote, hakuweza kuufuta ukweli uliokuwa umeandikwa. Majalada ya wizara ya makoloni yalibaki, na ushahidi ukabaki ndani yake. Baada ya vita vya pili vya dunia wasomi waliyasoma upya, na baadhi ya miji ya Ujerumani ikaondoa jina la Peters katika mabarabara na viwanja vyake. Hanover, kwa mfano, ilifanya hivyo mwaka 1994. Tena, hatungeyajua majina ya Mabruki na Jagodja kama yasingeandikwa. Tusisahau tu kwamba yaliandikwa na watu wale wale waliowanyonga. Umri wa msichana yule, jina la baba yake, neno alilolisema alipochapwa, hayo yote hayakuonekana kuwa na thamani ya wino.

Watu wa Upare wanaielewa habari ya daftari kuliko wengi. Mwezi wa Januari 1945 maelfu yao waliteremka kutoka milimani, wakaja Same kwenye makao ya Mkuu wa Wilaya, wakakataa kodi iliyoitwa mbiru. Hawakukataa kodi yote. Walikataa kodi iliyompanga kila mtu katika daraja kwa kukisia mali yake, wakadai waelezwe daraja hizo zilipangwaje na nani. Miongoni mwa viongozi wao alikuwa Paulo Mashambo, na mwaka 1946 wanawake wa Usangi nao waliinuka wakimkabili Mwingereza uso kwa uso. Mwaka 1947 mbiru ikaondolewa. Mwanahistoria Isaria Kimambo aliyaandika mambo hayo katika kijitabu kilichochapishwa mwaka 1971, na kwa sababu hiyo sisi tunayajua leo kutoka upande wa wananchi na wala si upande wa boma peke yake. Tofauti ya Marangu ya 1892 na Same ya 1945 ni kubwa. Kule, aliyeandikwa hakuwa na nafasi ya kuuliza. Hapa, walioandikwa waliuliza wote pamoja, na serikali ikalazimika kujibu.

Mafunzo ya maisha haya, basi, hayahusu Wajerumani peke yao. Kila serikali duniani, iwe ya kigeni au ya wananchi, huweka daftari la wafungwa, daftari la watoto wasio na wazazi, na daftari la maskini wanaopewa msaada. Watu waandikwao humo ni wale wasio na sauti. Mfungwa hawezi kwenda kulikagua daftari la gereza. Mtoto yatima hajui kusoma lililoandikwa juu yake. Bibi kizee anayepokea msaada wa serikali hutia dole gumba mahali anapoonyeshwa, kama Mangungu alivyotia alama yake. Mtu mwenye kalamu akiwa mwongo au mvivu, hao wamepotea, na huenda wasipatikane tena hata baada ya miaka mia.

Kwa hiyo twasema kwa wafanyakazi wenzetu wote wa serikali na wa umma: andikeni jina la mtu kamili, kama yeye mwenyewe anavyolitamka. Andikeni siku aliyoingia na siku aliyotoka. Akipigwa, akiugua au akifa, andikeni sababu ya kweli, hata kama ukweli huo unamgusa mkubwa. Msomeeni mtu maneno kabla ya kumtaka atie dole. Na daftari likijaa, litunzeni mahali pasipo mchwa wala maji, maana ni mali ya wananchi.

Peters alikuwa na elimu, alikuwa na cheo, na mwishoni alikuwa na upendeleo wa Kaisari. Mabruki na Jagodja hawakuwa na kitu. Hata hivyo, kila anayeyafungua majalada yale leo hukutana na majina yao wawili, na akiisha kuyasoma hawezi tena kumwita Peters shujaa.