Godfrey Hounsfield: Mwana wa mkulima aliyefanya kinundu cha mapafu kionekane

Tuseme mamako ameanguka kutoka kwa boda boda akaumia mbavu. Hospitalini wanampitisha kwenye mashine ya CT wahakikishe hakuna mfupa uliovunjika. Mbavu ziko sawa. Lakini mwishoni mwa ripoti kuna mstari mmoja: kwenye pafu la kulia kumeonekana kinundu cha milimita 5. Mama hakohoi, hajawahi kuvuta sigara, na jana tu alikuwa sokoni akibishania bei ya nyanya. Wewe unachomoa simu, unaingia intaneti, na kabla dakika mbili hazijaisha ushamzika mzazi akilini mwako.

Hebu tulia kwanza. Weka simu chini nikusimulie kuhusu jamaa aliyefanya kinundu hicho kionekane. Ukielewa alichokifanya, utaelewa pia kwa nini daktari anaweza kuitazama ripoti hiyo bila wasiwasi, akawaambia mrudi baada ya miezi kadhaa, au hata akasema hakuna haja ya kurudi.

Anaitwa Godfrey Hounsfield. Alizaliwa Agosti 28, 1919 karibu na mji wa Newark, Nottinghamshire nchini Uingereza, akiwa kitinda mimba katika familia ya watoto watano. Baba yake alikuwa mkulima. Shambani hakukuwa na watoto wengi wa rika lake wa kucheza nao, kwa hivyo kijana alicheza na vyuma. Alitengeneza mashine za kurekodi sauti. Alipanda juu ya marundo ya nyasi kavu akajirusha kwa mabawa aliyojiundia mwenyewe. Siku nyingine alichukua mapipa ya lami, akatia maji na gesi ya asetilini aone maji yataruka umbali gani. Nusura ajilipue.

Shuleni hakuwa yule mwanafunzi ambaye walimu humpigia debe. Fizikia na hesabu alizipenda, masomo mengine yakamshinda kumvutia. Vita vya Pili vya Dunia vilipokaribia alijiunga na jeshi la angani la Uingereza, na huko akafundishwa redio na rada hadi akawa mwalimu wa rada. Vita vilipoisha, mkubwa mmoja jeshini aliyekuwa ameona kipaji chake alimsaidia kupata ufadhili wa kusomea uhandisi wa umeme katika chuo cha Faraday House, London. Alitoka na diploma. Shahada ya chuo kikuu hakuisomea. Liweke hilo akilini, maana tutalirudia.

Mwaka 1951 aliajiriwa na kampuni ya EMI. Ndiyo, EMI ile ile ya muziki, ambayo miaka iliyofuata ilitoa nyimbo za The Beatles. Kampuni hiyo pia ilikuwa ikitengeneza rada na kompyuta. Hounsfield aliongoza kikosi kilichounda kompyuta ya EMIDEC 1100, mojawapo ya za kwanza Uingereza kutumia transista pekee. Baadaye akapewa mradi wa kuunda hifadhi kubwa ya kumbukumbu za kompyuta. Mradi huo ulionekana hauwezi kuleta faida, ukatupwa. Hebu fikiria: umekesha kwa kazi miaka, halafu unaambiwa ifungwe. Bahati yake ni kwamba wakubwa hawakumfuta. Walimwachia nafasi afikirie angependa kutafiti nini kingine.

Wazo lilimjia mwaka wa 1967. Lilihusu eksirei.

Eksirei ya kawaida ina shida moja kubwa. Inapiga mwili kutoka upande mmoja, na kila kitu kinaangukia kwenye picha moja bapa. Ni kama kupiga picha ya abiria wa matatu ukiwa umesimama mbele ya kioo cha dereva. Walioketi mbele unawaona vizuri, walio nyuma yao wanafichika. Sasa tuseme unaizunguka matatu hiyo na kupiga picha kupitia kila dirisha, kisha unakaa chini na kupiga hesabu ni nani ameketi kiti gani. Hata yule mtoto mdogo aliyebanwa katikati utamjua alipo. Hounsfield alitaka kuufanyia mwili hivyo: miale ipite kutoka pembe nyingi, kompyuta ifanye hesabu, na picha itoke kama slesi moja ya mkate.

Majaribio ya kwanza yalikuwa ya kuchosha. Alitumia mashine kuukuu ya kukerezea vyuma, na kwa kuwa miale aliyoanza nayo ilikuwa dhaifu, kupima kitu kimoja kulichukua siku 9. Kompyuta nayo ilichukua saa mbili na nusu kuhesabu vipimo 28,000. Alipoweka bomba la eksirei, siku 9 zikawa saa 9. Baadaye alitafuta bongo za ng'ombe za kupima, akazibeba mwenyewe kuvuka London. Mtu wa eksirei akibeba mfuko wa bongo mjini! Lakini picha zilionyesha kwamba wazo linafanya kazi.

Oktoba 1, 1971, katika hospitali ya Atkinson Morley kule Wimbledon, mashine yake ilimpima mgonjwa wa kwanza, mwanamke aliyeshukiwa kuwa na uvimbe kwenye ubongo. Aliyesimamia upande wa tiba alikuwa daktari wa eksirei, James Ambrose. Picha ilionyesha uvimbe waziwazi, na daktari mpasuaji alipofungua aliukuta pale pale picha iliposema upo. Kabla ya siku hiyo, kuuona ubongo wa mtu aliye hai kulihitaji njia zenye maumivu, kama kuingiza hewa kwenye nafasi za ndani ya kichwa.

Kuna hadithi inayopendwa kwamba mashine hii ililipiwa na pesa za The Beatles. Ni tamu, lakini imetiwa chumvi. Sehemu kubwa ya fedha ilitoka kwa wizara ya afya ya Uingereza, yaani kwa walipa kodi. Na wazo lenyewe lilikuwa na mzazi mwingine, Mwafrika Kusini Allan Cormack, aliyezaliwa Johannesburg. Akifanya kazi katika hospitali ya Groote Schuur, Cape Town, mwaka 1956, Cormack alianza kutafuta hesabu za jambo hilo hilo. Alizichapisha 1963 na 1964, karibu kila mtu akazipuuza. Wawili hao walifanya kazi bila kujuana.

Mashine ya kwanza ilipima kichwa tu. Kifua kilikuwa kigumu zaidi kwa sababu mapafu hayatulii. Unapumua, picha inavurugika. Kufikia 1975, EMI ilikuwa na mashine ya mwili mzima iliyopiga slesi moja kwa sekunde 20, muda ambao mtu anaweza kubana pumzi. Hapo ndipo mlango wa mapafu ulipofunguka. Mashine za leo hupiga kifua chote kwa sekunde chache, na huona vitu vidogo kama punje ya mtama.

Na hapo ndipo tunaporudi kwa mama.

Kinundu ni doa la mviringo kwenye pafu lisilozidi milimita 30. Likizidi hapo, madaktari huliita uvimbe na hulichukulia kwa uzito zaidi. Kadiri mashine zinavyozidi kuwa kali, ndivyo vinundu vinavyozidi kuonekana, hata kwa watu wasioumwa chochote. Vingi ni makovu ya maambukizi yaliyopita. Hapa kwetu, ambako kifua kikuu kingali kinasumbua, mtu anaweza kubeba kovu kama hilo miaka mingi bila kujua. Mwaka 2011 kulichapishwa utafiti mkubwa wa Marekani uliofuatilia watu zaidi ya 53,000 waliovuta sana sigara au waliowahi kuvuta. Hata miongoni mwao, skani zilizoonyesha kitu cha kutiliwa shaka, zaidi ya 95 kati ya 100 hazikuwa saratani. Lakini utafiti huo huo ulionyesha kwamba kupimwa hivyo kulipunguza vifo vya saratani ya mapafu kwa asilimia 20. Kwa hivyo usiingiwe na kiwewe, na pia usipuuze.

Daktari hutofautishaje? Kwanza, kwa kipimo chenye jina la huyu mwana wa mkulima. Kila nukta kwenye picha ya CT ina namba ya Hounsfield. Maji ni 0, hewa ni hasi 1,000, mfupa mgumu hukaribia 1,000. Kinundu kilichojaa chokaa hupata namba ya juu, na chokaa ikiwa imejipanga kwa namna fulani, mara nyingi hicho ni kidonda cha kale kilichokwisha kupona.

Pili, ukubwa. Mwongozo unaotumiwa sana duniani, wa mwaka 2017, ni wa watu wazima kuanzia miaka 35 ambao hawana saratani na ambao kinga yao haijadhoofika. Kwa kinundu kigumu kimoja kilicho chini ya milimita 6, mtu asiye na hatari kubwa hahitaji skani nyingine ya kufuatilia. Kikiwa milimita 6 hadi 8, skani hurudiwa baada ya miezi 6 hadi 12. Kikizidi 8, daktari huweza kurudia baada ya miezi 3, kutafuta kipimo kingine, au kuchukua kipande kidogo kikapimwe. Mvutaji sigara hufuatiliwa kwa karibu zaidi. Vile vyenye ukungu, vinavyofanana na kioo cha dirisha la bafu, hukua polepole, kwa hivyo vikiwa vikubwa kiasi vinaweza kufuatiliwa hadi miaka 5.

Tatu, na hili ndilo kubwa, muda. Saratani hukua, kovu hutulia. Kinundu kigumu ambacho hakijabadilika kwa miaka miwili kwa kawaida si cha kuogopwa. Sasa toa ile hesabu uliyodhani hutawahi kuitumia. Kinundu ni kama mpira. Kipenyo kikitoka milimita 8 hadi 10, unaona ni 2 tu zimeongezeka. Lakini ujazo hufuata kipenyo mara tatu: 8 mara 8 mara 8 ni 512, na 10 mara 10 mara 10 ni 1,000. Kimekaribia kuwa mara mbili! Ndiyo maana daktari hukodolea macho milimita ambazo wewe ungeziona hazina maana.

Lakini kulinganisha kunahitaji picha mbili. Ile ya zamani iko wapi? Mara nyingi imeachwa chini ya godoro, imepotea wakati wa kuhama, au diski imekwaruzwa na watoto. Bila picha ya kwanza, daktari anaanza upya, na mama anarudi kungoja miezi mingine huku moyo ukimdunda. Kama wewe ndiye mwenye laptopu nyumbani, kazi hii ni yako. Nakili diski hiyo. Piga ripoti picha. Andika tarehe ya kurudi kwenye kalenda ya simu. Pia usiwahimize wapige skani kila mwezi ili roho zitulie: kila skani ina miale yake, na kinundu kidogo hakiwezi kuonyesha mabadiliko kwa haraka hivyo.

Mwambie daktari ukweli wote pia: sigara, moshi wa jikoni, kazi ya vumbi la mawe, kifua kikuu cha zamani, hali ya virusi vya Ukimwi, saratani katika familia. Mambo haya hubadilisha ratiba. Na kama kuna kikohozi cha zaidi ya wiki mbili, damu kwenye makohozi, jasho la usiku au kupungua uzito, usingoje tarehe ya skani. Nendeni mapema, apimwe pia kifua kikuu.

Hounsfield aliishi kuona mashine yake ikienea duniani. Mwaka 1979 yeye na Cormack walituzwa Nobel ya Tiba, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na shahada ya uzamifu. Mwaka 1981 malkia wa Uingereza alimpa heshima ya kuitwa Sir. EMI yenyewe ilizidiwa na washindani ikaacha biashara hiyo. Yeye aliendelea na maisha yake ya kawaida: hakuoa, alipenda kutembea mashambani na kupiga piano, na alizidi kufanya utafiti hata baada ya kustaafu. Alifariki Agosti 12, 2004, akiwa na miaka 84. Huenda wewe hata hukuwa umezaliwa.

Kijana aliyenusurika kujilipua kwa pipa la lami aliishia kutufundisha subira: pima, ngoja, pima tena, linganisha. Basi mwambie mama kinundu cha milimita 5 ni jambo la kuulizia, wala si hukumu. Mpeleke kwa daktari, uliza kama kuna haja ya skani nyingine na lini. Halafu tafuta mahali salama pa kuweka ile diski, leo kabla hujalala.