Carl Rogers: mchungaji aliyevuka barabara

Wewe unayeogopa kubadili kozi, msome huyu. Alizaliwa Marekani mwaka 1902, akaanza na kilimo, akahamia historia, kisha akaenda New York kusomea uchungaji. Miaka miwili tu, akavuka barabara hadi Columbia kusomea saikolojia; udaktari akaupata 1931. Lakini ushauri nasaha wenyewe, jamani, alifundishwa kazini, mjini Rochester. Mama mmoja mwenye mtoto mtukutu alielezwa kitaalamu, wiki nenda wiki rudi, wapi! Wakakubaliana waache. Akiwa anatoka, mama akauliza kama watu wazima nao huhudumiwa. Akarudi kitini, akamwaga yote ya ndoa yake. Rogers akasikiliza tu, na hapo ndipo tiba ikashika. Kitabu chake cha 1942 kiliwaita watu kama huyo wateja, si wagonjwa.