Kuvalayananda: Aliyeipeleka pumzi ya yoga maabara

Swali la kupumua kwa yoga linanijia mara kwa mara hapa Kahama, hasa kutoka kwa wachimbaji wenye vifua vya vumbi na wazazi wa watoto wenye pumu. Wameona video kwenye simu. Leo nawaletea maisha ya mtu aliyehangaika na swali hilohilo miaka mia moja iliyopita.

Alizaliwa Agosti 30, 1883 huko Dabhoi, Gujarat, magharibi mwa India, akaitwa Jagannath Ganesh Gune. Shuleni alisifika kwa Kisanskriti. Ujanani aliwaka moto wa kudai uhuru kutoka kwa Waingereza, na kuanzia 1907 alijifunza mazoezi ya viungo kwa mwalimu Manikrao mjini Baroda. Mwaka 1919 akampata Madhavdas, mzee wa yoga aliyeishi Malsar, kando ya mto Narmada. Baadaye akajulikana kwa jina la Swami Kuvalayananda.

Wanafunzi wengi wa yoga waliishia kumwamini mwalimu. Huyu alitaka kuona. Hakuwa daktari, lakini mwanzoni mwa miaka ya 1920 aliwapiga eksirei watu wakiwa katikati ya mazoezi, akapima na mgandamizo wa hewa ndani ya tumbo. Mwaka 1924 alianzisha kituo cha Kaivalyadhama huko Lonavla, kwenye milima kati ya Mumbai na Pune, na mwaka huohuo akatoa jarida la Yoga Mimamsa ili kila alichopima kisomwe na kuhojiwa.

Jambo ninalomheshimu zaidi ni hili. Watu waliamini, na wengi bado wanaamini, kwamba pranayama, yaani mazoezi ya pumzi ya yoga, humjaza mtu oksijeni nyingi. Kuvalayananda angenufaika kwa kuiacha imani hiyo ienee. Badala yake aliandika kwamba sivyo, faida iko kwingine. Na ni kweli: damu ya mtu mwenye mapafu mazima huwa imeshashiba oksijeni, asilimia 95 au zaidi, kabla hajaanza zoezi lolote.

Faida yenyewe ni utulivu. Mtu mzima hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Akishuka hadi kama mara 6, akivuta kwa pua na kutoa taratibu kama anayepoza uji, mapigo ya moyo hutulia na presha hushuka kidogo. Mwenye pumu hupungukiwa na hofu na kuhema ovyo, akaishi na ugonjwa wake kwa nafuu. Lakini mirija iliyobana haifunguliwi na zoezi. Mtoto ambaye mbavu zinaingia ndani akipumua apewe dawa yake ya kuvuta na akimbizwe hospitali, wala asianze kuhesabiwa pumzi. Kubana pumzi kwa muda mrefu pia si kwa mjamzito, wala mwenye presha kubwa au ugonjwa wa moyo.

Kwa wachimbaji nitasema wazi zaidi. Vumbi la mwamba wa dhahabu, mkavu, kwenye duara au karasha, hubeba silika. Huingia ndani kabisa ya mapafu na kuacha makovu, na hakuna pumzi ya Lonavla wala ya kwingine inayoyafuta. Mapafu hayo hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi. Mwagia mawe maji kabla ya kuponda, vaa barakoa inayozuia vumbi (kitambaa cha shingoni hakitoshi), na ukikohoa wiki mbili nenda ukapimwe makohozi. Dawa za kifua kikuu hutolewa bure, na kwa kawaida ni za miezi 6. Nawajua walioziacha mwezi wa pili kwa sababu kikohozi kilipungua baada ya kuanza mazoezi ya pumzi. Kilichokipunguza ni dawa.

Tukirudi kwa Kuvalayananda, mwaka 1927 aliandikiana barua na Mahatma Gandhi kuhusu afya yake, na katika miaka ya 1930 alifungua kituo cha wagonjwa mjini Mumbai. Alifariki Aprili 18, 1966 akiwa na miaka 82. Kaivalyadhama bado ipo Lonavla, na bado inafanya utafiti juu ya pumzi.